Nozeli za gari: lipi ufanye nyumbani, lipi umwachie fundi mwenye mashine

Gari likianza kukatakata kati ya Gede na Malindi, kila anayesimama kutazama husema neno moja: nozeli. Mwenye matatu ataambiwa nozeli. Mwenye Probox ya kubeba samaki kutoka Ngomeni ataambiwa nozeli. Hata gari la nyumbani linalokwenda sokoni na kurudi tu, likitoa moshi kidogo, hukumu ni hiyo hiyo. Kisha hufuata ushauri: zifungue, zioshe na petroli, zipulize, zirudishe. Na zikikataa, nunua nyingine.

Ushauri huo mara nyingine huwa sawa. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwingine, na anayelipia kosa ni mwenye gari. Kwa watu wengi wa Kilifi na Malindi gari si fahari. Ndilo linalolipa karo, ndilo linalopeleka nazi na maembe Mombasa, na mkopo wa sacco unalitegemea. Likilala gereji wiki nzima kwa dawa isiyo yake, nyumba nzima huyumba.

Kwa ufupi, jambo ni hili. Nyumbani ni mahali pa kuzuia uchafu na kutafuta ugonjwa. Kuosha ndani ya nozeli ni kazi ya mashine, kwa sababu jicho haliwezi kujua kama imesafishika. Na kama gari lako ni la dizeli la kisasa, kulifungua nyumbani ni hatari kwa injini na kwa mwili wako pia. Tueleze sababu, moja baada ya nyingine.

Nozeli hufanya nini

Injini haichomi mafuta yaliyo majimaji. Huchoma ukungu wa mafuta uliochanganyika na hewa. Kazi ya nozeli, ambayo kwenye magari ya petroli wengi huiita injekta, ni kuyageuza mafuta yawe ukungu huo na kuyapima yasizidi wala kupungua.

Ndani ya injekta ya petroli mna koili ndogo. Kompyuta ya gari ikileta umeme, koili huvuta sindano juu, tundu hufunguka kwa sehemu chache za elfu za sekunde, mafuta hunyunyizwa, kisha springi hurudisha sindano mahali pake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila injekta hufunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja. Kazi ya kasi namna hiyo haihitaji uchafu mwingi ili iharibike. Utando mwembamba mdomoni mwa injekta unatosha kugeuza ukungu kuwa michirizi au matone.

Hapo silinda moja hupata mafuta kidogo kuliko wenzake. Injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Asubuhi huchelewa kuwaka. Ukikanyaga mafuta gari husita kabla ya kuvuta, na tangi lililokuwa likikufikisha Mombasa na kurudi sasa halifiki.

Iko pia injekta inayovuja badala ya kuziba, na hiyo ni mbaya zaidi. Utaona moshi mweusi na utasikia harufu ya petroli. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuiongeza, usiendelee kuendesha. Petroli inayovuja huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini iliyokosa oili hujisaga yenyewe.

Jua kwanza gari lako ni la aina gani

Ushauri wa barabarani hukosea mara nyingi kwa sababu huchukulia magari yote kuwa sawa. Jina la injini limeandikwa kwenye kibati chini ya boneti au kwenye kitabu cha gari. Ukilijua, utajua uko kundi gani.

Kundi la kwanza ni vyombo vya kabureta, kama bodaboda nyingi. Hivi havina injekta kabisa, na mengi ya makala haya hayavihusu.

La pili ni petroli ya kawaida, ambapo injekta hukaa nje ya silinda, kwenye njia ya hewa. Hapa ndipo zilipo Probox na Axio za injini ya 1NZ zilizojaa barabara zetu. Shinikizo la mafuta yake ni bar 3 hivi. Ulinganishe na tairi la gari dogo, ambalo lina bar 2.

La tatu ni petroli inayonyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mifano ni Volkswagen Golf za TSI na Mazda Demio za Skyactiv. Shinikizo hapa hupita bar 50 na linaweza kufika 200 au zaidi. Magari haya yanaongezeka mitaani, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, na kila mwaka unaopita mitambo mipya zaidi inashuka bandarini.

La nne ni dizeli ya zamani yenye pampu ya mitambo, isiyotegemea kompyuta. Land Cruiser za injini ya 1HZ zinazopeleka watalii Tsavo kupitia lango la Sala ziko hapa, pamoja na Hiace kuukuu za 5L. Nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la kati ya bar 100 na 200.

La tano ni dizeli ya komoni reli, teknolojia ambayo kampuni ya Denso iliiweka kwenye malori ya Japani mwaka 1995. Leo imo kwenye Hiace, Hilux na Prado za D-4D. Mafuta hukaa kwenye bomba moja la chuma kwa shinikizo linalopita bar 1,000. Tutalirudia kundi hili peke yake.

Kwa nini huziba, hasa kwetu Pwani

Sababu ya kwanza ni joto. Ukizima injini, tone la mafuta lililobaki mdomoni mwa injekta huokwa na joto la injini. Sehemu nyepesi huruka, nzito hubaki kama gundi. Gari la safari fupi fupi, kutoka Muyeye hadi sokoni, sokoni hadi shuleni, shuleni hadi nyumbani, huzimwa na kuwashwa mara nyingi na halipati mwendo mrefu wa kujisafisha. Ndiyo maana gari lenye kilomita chache linaweza kuwa na injekta chafu kuliko matatu ya Mombasa.

Sababu ya pili ni maji. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu. Tangi likiwa nusu, nafasi iliyobaki imejaa hewa hiyo, na usiku kukipoa unyevu hugeuka matone na kuzama chini ya mafuta. Watamu na Malindi tuna jambo jingine: magari ya nyumba za likizo na ya watalii ambayo hulala tangu msimu ukiisha baada ya Pasaka hadi wageni warudi. Petroli iliyolala miezi kadhaa huchakaa na kuacha utando. Gari likiwashwa siku mgeni anatua, linakohoa.

Ya tatu ni chumvi. Upepo wa bahari hula pini za umeme za injekta. Ukiona ukijanikijani kwenye soketi, huenda injekta yenyewe ni nzima, ila umeme haufiki sawasawa.

Ya nne ni mafuta yenyewe. Tangu 2015 dizeli inayoruhusiwa Kenya haipaswi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, kiwango kizuri. Tatizo huanza mafuta yakishatoka ghalani. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu, na wachuuzi wenye tamaa waliyachanganya na dizeli au petroli. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, kwa hiyo pampu na nozeli husagika. Na mafuta ya mtungi wa kando ya barabara, hata kama hayakuchanganywa, hubeba mchanga, kutu na maji ya mtungi uliokuwa na kitu kingine jana.

Kabla ya kulaumu nozeli

Dalili za nozeli chafu hufanana mno na dalili za vitu vingine vya bei nafuu zaidi. Kwa hiyo anza na vya bei nafuu.

Tazama filta ya hewa. Barabara za vumbi za Ganze na Magarini huijaza upesi, na injini iliyokosa hewa hutoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama yenye injekta inayovuja.

Tazama plagi. Zilizochakaa hukatisha moto kwenye silinda, na gari hutetemeka vilevile.

Kama gari lina koili moja juu ya kila plagi, kama ilivyo kwenye 1NZ, kuna kipimo kizuri kisichogharimu kitu. Kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha matokeo kwenye simu, kitakupa namba. P0301 maana yake silinda ya kwanza haiwaki vizuri, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Tuseme umepata P0301. Zima gari, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu, na ya tatu uilete ya kwanza. Futa namba, endesha, soma tena. Ikija P0303, ugonjwa umehama na koili, na injekta hazina hatia. Ikibaki P0301, badilishana plagi kwa njia hiyo hiyo. Ikikataa kuhama tena, sasa una haki ya kuishuku injekta.

Namba kati ya P0201 na P0204 zinazungumzia waya na umeme wa injekta, wala si uchafu. Hapo kuosha hakutasaidia. P0171 inasema mafuta ni machache kuliko hewa, na inaweza kutokana na injekta zilizoziba, lakini pia bomba la hewa lililopasuka, pampu iliyochoka au filta iliyojaa. Namba hukuonyesha mlango wa kugonga. Haikuambii aliyemo ndani.

Yanayofaa kufanywa nyumbani

Sikiliza injekta. Kwa gari la petroli la kawaida, injini ikiwaka, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na mpini sikioni, ukijihadhari na mikanda na feni. Kila moja hutoa mlio wa tik-tik-tik. Iliyo kimya ndiyo mgonjwa wako. Injini ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa, pima ukinzani wa koili kwa mita ya umeme. Injekta nyingi za kundi hili husoma kati ya ohm 12 na 16. Isiyosoma kabisa imekatika koili na haioshwi, hubadilishwa.

Safisha soketi. Toa waya wa betri, puliza dawa ya kusafishia pini za umeme, acha ikauke, rudisha. Kwa gari linalolala karibu na bahari, kazi hii ya dakika kumi huponya zaidi ya watu wanavyodhani.

Badilisha filta ya mafuta kwa wakati. Kwa dizeli hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Kwenye Toyota nyingi ndogo za petroli filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo mwachie fundi.

Kama gari ni la dizeli, mwaga maji. Chini ya filta au kichuja maji kuna kifungulio kidogo. Kilegeze, maji yatoke hadi uone dizeli safi, kaza, kisha sukuma pampu ya mkono iliyo juu yake hadi iwe ngumu. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, fanya hivyo siku hiyo hiyo.

Dawa ya chupa inayomiminwa kwenye tangi nayo ina nafasi yake. Tafuta iliyoandikwa PEA, kifupi cha polyetheramine, kemikali ambayo huyeyusha utando wa kaboni kwenye injekta za petroli. Ya petroli ni ya petroli, ya dizeli ni ya dizeli. Fuata kipimo cha chupa, jaza tangi, kisha liendeshe gari mwendo mrefu. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na safari moja ya namna hiyo inaisaidia dawa kuliko wiki nzima ya kuzunguka mjini. Lakini jua mpaka wake. Dawa huondoa utando mwepesi. Haifungui injekta iliyoziba kabisa wala haiponyi inayovuja. Tangi mbili zikiisha bila mabadiliko, acha kununua chupa.

Mwisho, weka tangi juu ya nusu, hasa gari likienda kulala msimu mzima, na ununue mafuta kituo kinachokupa risiti. Ugonjwa ukianza mara tu baada ya kujaza mafuta, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako ukipeleka malalamiko kwa EPRA, mamlaka inayosimamia mafuta nchini.

Yasiyofaa

Usichokoe tundu la nozeli kwa sindano wala waya. Matundu yake hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na kwenye dizeli ya kisasa tundu moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukilichokoa umelipanua, na tangu hapo litamwaga mafuta badala ya kunyunyiza. Brashi ya waya ni hivyo hivyo.

Usimimine thina, asetoni wala mafuta ya taa kwenye tangi ukidhani unaosha. Hula mipira, hukausha pampu, na mafuta ya taa hupunguza nguvu ya petroli kuhimili mgongano ndani ya silinda.

Na lile la video za simu, la kuunganisha injekta kwenye betri na kupuliza dawa ya kabureta ndani, lina hatari mbili. Koili haikuundwa kushikiliwa wazi kwa umeme wa betri moja kwa moja, na huungua. La pili, unatengeneza ukungu wa kitu kinachowaka karibu na cheche za waya unaogusisha kwa mkono.

Hapa tusicheke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hupita chini ya mlango, na hushika moto mbali na pale ulipomwagika. Kwetu magari hutengenezwa uani, na jiko la makaa liko hatua chache, watoto wakicheza katikati. Ukifungua bomba la mafuta la gari la petroli bila kutoa shinikizo, petroli hukurukia usoni. Mwenye ujuzi anayeamua kufungua huanza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu, kuacha injini ijizime yenyewe, kisha kutoa waya wa betri. Hufanya hivyo nje, injini ikiwa imepoa, bila moto wowote karibu, na kizimamoto cha unga kando yake. Maji hayazimi petroli, huisambaza. Akimaliza, hafungi kwa pete za mpira za zamani. Pete iliyobanwa miaka mingi haizibi tena vizuri, na petroli inayovuja juu ya injini ya moto ni gari kuungua barabarani.

Dizeli ya komoni reli: mikono mbali

Mafuta ya bar 1,000 yakitoka kwenye mpasuko mdogo hupenya ngozi. Glavu hazizuii. Anayepatwa huona kidonda kama cha kuchomwa na sindano na pengine haumii sana mwanzoni, lakini dizeli imeshaingia ndani ya nyama. Hilo ni jambo la upasuaji wa haraka. Mtu akipatwa, apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo na amweleze daktari waziwazi kuwa ni dizeli ya shinikizo kubwa, asije akafungwa plasta na kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo usitafute mvujo kwa kidole injini ikiwaka, na usilegeze nati za mabomba ya reli injini ikiwaka, kama tulivyozoea kwenye dizeli za zamani. Usichomoe soketi za nozeli hizi pia injini ikiwaka: umeme wake hupanda juu sana kuliko volti 12 za betri.

Sababu nyingine ni injini yenyewe. Sindano ndani ya nozeli hizi imesuguliwa kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, na vumbi la uani linatosha kuikwamisha. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Ikirudishwa ya zamani, moto hupenya, masizi huingia kwenye oili, na kichujio kilicho chini ya sampu hujaa uchafu hadi oili inashindwa kupanda. Mafundi wa 1KD wanaujua ugonjwa huu. Mwisho wake ni injini kukaza.

Na nozeli nyingi za aina hii zina namba ndefu iliyochapwa kichwani, inayoieleza kompyuta tabia ya nozeli hiyo moja. Ukiweka mpya, au ukizibadilishana nafasi, namba hizo sharti ziingizwe upya kwa mashine. Bila hivyo gari linaweza kugonga, kutoa moshi na kunywa mafuta ingawa nozeli ni nzima.

Fundi mwenye mashine anafanya nini

Injekta za petroli hufungwa kwenye meza ya vipimo. Kwanza hupimwa kabla ya kuoshwa: kila moja inatoa mililita ngapi kwa muda uleule, ukungu wake ukoje, na ikifungwa inadondosha au la. Kisha huwekwa kwenye beseni la altrasoniki, ambalo mitetemo yake hutoa uchafu mahali ambapo brashi haifiki, huku injekta zikifunguka na kufunga. Halafu husukumwa dawa kinyumenyume, huwekewa vichujio vidogo na pete mpya, na kupimwa tena.

Tuseme mwanzoni nne zimetoa mililita 62, 61, 60 na 48. Ile ya 48 ndiyo ilikuwa ikitetemesha gari. Baada ya kuoshwa ikisoma 60, kazi imefanyika. Ikibaki 50, hiyo imechoka, nunua moja tu badala ya nne. Hapa ndipo nyumbani kunaposhindwa. Uani unaweza kuifanya injekta ing'ae kwa nje, lakini huwezi kujua kama ni 60 au 48.

Kuna njia ya katikati, ya kuunganisha mtungi wa dawa kwenye reli ya mafuta na kuwasha injini kwa dawa hiyo bila kufungua injekta. Inafaa kwa uchafu wa wastani, ila haitoi vipimo. Kwa magari ya petroli ya moja kwa moja, kumbuka pia kwamba petroli haipiti kwenye vali za hewa, hivyo kaboni hujaa hapo, na hakuna dawa ya tangi itakayoifikia.

Nozeli za dizeli ya zamani hupimwa kwa pampu ya mkono yenye saa ya shinikizo: inafunguka kwa bar ngapi, inanyunyiza au inakojoa. Ncha yake pekee inaweza kubadilishwa, na hiyo ndiyo sababu magari haya hayawafilisi wenyewe. Za komoni reli huanza kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli zikiwa bado kwenye gari. Inayorudisha mengi kuliko wenzake imechoka ndani.

Kabla ya kulipa, muulize fundi kwa heshima maswali haya. Vipimo vya kabla na baya baada viko wapi? Umeweka pete na washa mpya? Kila nozeli imerudi silinda yake? Kwa D-4D, namba zimeingizwa? Naomba vipuri vya zamani. Fundi anayejua kazi yake hachukizwi na maswali hayo.

Pesa ianzie wapi

Mpangilio ni huu: filta ya hewa, plagi na koili, filta ya mafuta na maji, soketi, kisha chupa moja ya dawa. Vyote hivyo vikishindwa, lipia vipimo. Baada ya vipimo ndipo uamue kuosha au kununua. Wala usioshe injekta zisizo na dalili kwa kuwa tu mwaka umeisha. Za petroli zinaweza kupita kilomita laki moja bila kuguswa zikipewa mafuta safi.

Haya si ya kuwadharau mafundi wetu wa jua kali. Wengi wana sikio linalotambua silinda mgonjwa kabla kompyuta haijawaka. Wanachokosa ni mashine, na mashine ina bei. Gereji moja ya Kakuyuni haiwezi kuinunua, lakini sacco ya matatu yenye magari mengi inaweza kununua meza moja ya vipimo ikahudumia wanachama wake na mafundi wa jirani kwa ada. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti navyo vingeweza kuwa na moja ya kufundishia vijana na kupimia magari ya wananchi. Leo injekta nyingi za upande huu husafiri hadi Mombasa kupimwa, au hazipimwi kabisa, na mwenye gari hununua nne mpya kwa sababu ya moja. Wanachama wa sacco mnaosoma haya, mkutano mkuu unaofuata liwekeni kwenye ajenda.